Moshi wa malori Mtwara: tukilazimishwa mafuta safi, nani atalipa?

Mkazi wa Chikongola: Wakuu, habari za jioni. Msimu wa korosho ukianza, malori yanayopanda mlima wa Mikindani yanatutapikia moshi mweusi. Mwanangu ana pumu. Nauliza: serikali ilazimishe malori, daladala na bajaji za huku kuhamia gesi, na diseli kongwe zizuiwe barabarani? Au tutakuwa tunamkamua mwenye gari moja?

Fundi Nozeli: Kaka, pole na mtoto. Ila diseli ilishasafishwa. Nchi za Afrika Mashariki zilikubaliana tangu 2015 salfa kwenye diseli isizidi sehemu 50 kwa milioni, kabla ya hapo sisi tulikuwa 500. Moshi huo ni nozeli zilizokufa, vile vipua vinavyopulizia diseli ndani ya injini. Ukiifungua unakuta ncha imejaa masizi, badala ya kupuliza ukungu wa mafuta inadondosha matone. Tia mafuta safi kiasi gani, itatoa moshi tu. Na yale magari ya mtumba yanayokuja na kichujio cha masizi, mafundi wenzangu wanakikata na kukitupa kwa sababu mteja hataki gharama ya kukisafisha.

Dada wa Shangani: Hiyo ya 2015 si ndiyo walitoa risasi kwenye petroli?

Fundi Nozeli: Hapana dada, risasi iliondoka zamani, kufikia 2006 Afrika kusini ya Sahara yote.

Bajaji Ligula: Mnaongea kirahisi. Kufunga mfumo wa gesi kwenye gari si chini ya milioni. Bajaji si yangu, nalala na hesabu ya tajiri. Tajiri hatoi hela ya mtungi, na hesabu hapunguzi.

Mtoto wa Kariakoo: Huku Dar watu wanafunga na wanaokoa hela kila siku, shida foleni vituoni tu. Nyie si ndio mliandamana 2013 mkasema gesi haitoki? Leo mnailia nini?

Mmakonde Halisi: Rudia hapo uone! Tuliandamana kwa sababu tuliahidiwa viwanda, mkaleta bomba. Kilomita 500 na zaidi, kutoka Madimba mpaka kwenu. Watu walikufa hapa. Usitaje 2013 kama kichekesho.

Mtoto wa Kariakoo: Sijacheka, nimeuliza. Gesi ni ya taifa. Korosho mnauza wapi, si nje?

Mmakonde Halisi: Korosho unaingizaje hapa? Korosho nalima mimi, nauza mnadani kwa risiti. Gesi ya Msimbati nani kanipa risiti?

Mama Nangurukuru: Na sisi Kilwa tusemeje? Gesi ya Songo Songo inakwenda Dar tangu 2004, hakuna aliyetuandikia mada.

Mzee wa Newala: Wajukuu, taratibu. Aliyeuliza ana mtoto mgonjwa. Nawakumbusha jambo moja: 2011 walipandisha kodi ya mafuta ya taa ili wachakachuaji wasiyachanganye na diseli. Nia ilikuwa njema, injini za watu zilikuwa zinakufa. Lakini nani alilipa? Mwenye koroboi kijijini, ambaye hajawahi kumiliki hata pikipiki. Kwa hiyo kila sheria ya mafuta safi naiuliza hivyo hivyo.

Mmakonde Halisi: Shikamoo mzee. Nimekusikia, ila huyu wa Kariakoo aombe radhi kwanza.

Mtoto wa Kariakoo: Kwa waliokufa, nawaomba radhi. Kwa bomba siombi.

Mkazi wa Chikongola: Jamani, nauliza moshi.

Bajaji Ligula: Mzee kamaliza kila kitu. Mimi sipingi gesi, napinga kulazimishwa kabla vituo havijasogea. Wakianza sheria leo, askari barabarani atapata pa kunisimamishia, na mimi nitakosa pa kujazia.

Fundi Nozeli: Waanze na malori. Kiwanda cha saruji cha Dangote kina malori ya gesi hapa hapa Mtwara, kwa hiyo inawezekana. Wengine wapimwe moshi kila msimu, atakayezidi abadili nozeli kabla ya kubeba gunia. Hiyo ni nafuu kuliko mtungi.

Mmakonde Halisi: Lori la tajiri wa Dar nalo lipimwe, au la kwetu tu?

Fundi Nozeli: Linalopanda Mikindani ndilo lipimwe, mjomba. Namba yake sisomi.