Kengele ya wizi na moto: ya kampuni ya ulinzi au ya laini ya simu?

Kijana_Shangani: Habari za jioni wana Kusini. Nataka kufunga kengele nyumbani mwezi huu. Kuna ya kampuni ya ulinzi, unalipia kila mwezi, na kuna kifaa cha kuweka laini kinachokupigia mwenyewe. Nichukue ipi?

Fundi_Chuno: Vyumba vingapi? Mchana anabaki nani? Jikoni unatumia mtungi au gesi ya bomba? Bila hayo tutabahatisha.

Mama_Korosho: Chukua ya laini. Changu kinapiga namba tano mfululizo, na umeme ukikatika kina betri. Hakikisha tu laini ina salio.

Mzee_Mikindani: Mama, na wote watano wakizima simu usiku? Ila na kampuni uihoji vizuri. Shemeji yangu wa Magomeni alikuwa analipia kila mwezi. Siku hiyo yuko Masasi msibani, waya wa friji ukashika moto. Kengele ikapeleka ishara kituoni, wakampigia, hapatikani. Wakatuma gari la doria. Vijana wakamulika geti: kufuli ipo, ukuta haujarukwa. Wakaandika "salama", wakaondoka! Kumbe mtambo ulifungwa hivi kwamba kihisi cha mlango na cha moshi vinatoa ishara ileile, wao wakajua ni mwizi. Majirani ndio waliovunja dirisha na kuzima kwa ndoo za maji. Jiko lote liliungua. Inaniuma mpaka leo.

Dada_Naliendele: Poleni sana. Lakini maji kwenye moto wa umeme ni hatari jamani, zimeni swichi kuu kwanza.

Mzee_Mikindani: Swichi iko ndani mwanangu, na mlango umefungwa.

Fundi_Chuno: Mzee umegusa penyewe. Ishara ya moto itenganishwe na ya wizi. Ya wizi wanaweza kumuuliza mwenye nyumba kwanza. Ya moto, anayeipokea apige Zimamoto 114 hapohapo. Kihisi cha moshi usikiweke jikoni, ukikaanga samaki kitalia mpaka mtu achomoe betri. Jikoni weka cha joto, cha moshi kiwe korido ya vyumba vya kulala. Na gesi nimeuliza kwa sababu: ya mtungi ni nzito kuliko hewa, inatuama, kihisi chake kinakaa karibu na sakafu. Hii gesi asilia yetu ya Mnazi Bay, hapa Mtwara, inayokuja kwa bomba ni nyepesi, inapanda, kihisi kinakaa karibu na dari.

Dada_Naliendele: Na nondo za madirisha je? Tunajifungia wezi wasiingie, moto ukiwaka hatutoki. Angalau dirisha moja liwe na grili ya kufunguka kwa ndani.

Mama_Korosho: Mimi mbwa wangu ananitosha kwa wezi.

Dada_Naliendele: Mbwa hapigi 114, mama.

Kijana_Shangani: Nashukuruni. Vyumba vinne. Mchana anabaki mama mzazi peke yake, na masikio yake siku hizi hayasikii vizuri.

Fundi_Chuno: Hilo ungelianza nalo ndugu yangu! King'ora peke yake hakimfai, atafutiwe chenye taa ya kumwekamweka na cha kutikisa kitanda. Jirani wa ukuta mmoja ni nani, na huwa yupo mchana? Na gesi bado hujajibu.