Simu ya zamani uliipeleka wapi? Tupeane uzoefu

BintiLangoni
Assalaam aleikum. Nimepata simu mpya juzi. Za zamani ziko tatu, nimezipanga kwenye zidaka za ukutani pale bibi alipokuwa akiweka sahani zake za kauri, na mume wangu keshaanza kuuliza kiingilio ni shilingi ngapi.

Nataka kuziondoa lakini mwenzenu nishaumwa na nyoka, nikiona unyasi nashtuka. Ile niliyouza mwanzo kioo kilikuwa hakigusiki, basi mwanangu akaifuta kwa kubana vitufe vya ubavuni. Tukapokea pesa yetu. Siku ya tatu, hodi. Kijana wa duka amesimama dakani. "Mama, nimeweka kioo kipya, lakini simu yataka akaunti yako ya Google, bila hiyo haifunguki." Kumbe ukifuta kwa njia ile kabla ya kuitoa akaunti, simu hujiona imeibwa. Neno la siri nalikumbuka? Wapi.

Kisha akatoa mfukoni kadi ya memori. Tuliisahau ndani! Humo mna picha za kupamba za dada yangu, za harusi yake, wanawake wa mtaa mzima, bila buibui, vichwa wazi. "Sikuifungua, wallahi," akasema, macho yakiwa kwenye mlango. Nimeamua kumwamini. Dada sijamwambia mpaka leo.

Haya, nyinyi je?

NahodhaWaFaza
Yangu inavua samaki. Laini nimeitoa, ramani nimeipakua nikiwa nchi kavu, basi. GPS haitaki laini wala bando, yasoma setilaiti moja kwa moja. Marehemu baba alikuwa akilinganisha mnara wa msikiti na mnazi fulani ndipo ajue yuko juu ya mwamba, na mvua ikifunga alikuwa akirudi mikono mitupu. Mimi nabonyeza alama tu: hapa samaki changu, hapa tewa. Naiweka kwenye kopo lenye kifuniko. Adui ni chumvi, imeshanila tundu la chaji mara moja. Sasa nalisugua kwa mswaki mkavu kila nikirudi.

Juzi jamaa kaja kuiazima eti apige picha. Thubutu! Miamba yangu yote imo humo.

MwanaMalindi
Mimi niko upande wa mnunuzi, na bado nina hasira. Nilinunua kwa mtu sokoni, simu safi, hata karatasi ya kioo haijatoka. Wiki ya tatu kioo kizima kikajaa tangazo: malipo yamechelewa. Ilikuwa ya lipa pole pole na mwenyewe hajamaliza! Nampigia, hapatikani. Nimeifuta mara mbili, ikishika intaneti tu yajifunga tena. Unayeuza, mpe mwenzako risiti na boksi. Unayenunua, piga *#06# ulinganishe namba na za kwenye boksi, kisha uliza deni. Uliza bila haya.

MjukuuWake
Bibi yangu hakuwa na shida na simu yake ya Android 4.4 mpaka Januari 2025, WhatsApp ilipoacha kufanya kazi kwenye simu za aina hiyo. Alidhani mwanawe aliye Maskati amemkatia. Siku mbili hakula vizuri. Nikampa yangu ya zamani, laini yake nikahamishia humo, namba na M-Pesa vikabaki vilevile. Ile yake kaikataza isitupwe. Asikiliza redio kwayo, waya wa sikioni umening'inia kama utambi maana ndio antena yenyewe.

FundiWaMokowe
Dada wa Langoni, siku nyingine toa akaunti kwanza kwenye mipangilio, kisha laini, kisha kadi, ndipo ufute. Za kabla ya Android 6 ya mwaka 2015 zina ubaya wao: nyingi vilivyomo ndani havikugeuzwa kuwa maandishi ya siri, kwa hiyo picha zilizofutwa huweza kufufuliwa na mwenye programu yake. Mimi huzifuta, nikarekodi video ya ukuta hadi memori ijae, nikafuta tena. Yachosha, lakini waja kwangu wake za watu.

Na hizo za zidaka, zigeuze uone migongo. Betri huzeeka ikafura kama hamri. Ikiwa hivyo usiichaji, usiitoboe, na tafadhali isiende jaani kunakochomwa taka. Niletee. Zisizofura lakini zilizokufa naziweka kwenye katoni, mtu akienda Nairobi huzipitisha WEEE Centre, wanakochakata taka za elektroniki.

BintiLangoni
Nimezigeuza. Moja imefura kweli, yaani kioo kimeachana na mwili! Nimeitoa mbio, iko uani ndani ya sufuria la mchanga, watoto nimewafukuza. Fundi, kesho asubuhi niko kwako kwa boti ya kwanza.

Na jambo jengine. Nimempigia dada nikamweleza habari ya kadi. Alinyamaza, nikajua leo nimekwisha. Kisha akauliza, "Hiyo kadi unayo?" Kumbe simu yake ilitumbukia majini pale gatini mwaka jana, na picha za harusi yake hana hata moja. Nimeipata ndani ya kopo la hiliki. Mwanamke yeyote hapa Mkomani mwenye kifaa cha kusomea kadi? Mwanamke, nimesema.