Waifu yuko miezi 7, kibubuni nina laki 4 tu, nianze na nini?

Wakuu habari za jioni. Mimi niko Mbagala Charambe, nauza kwenye duka la vifaa vya ujenzi (la mtu), mshahara 320,000 na hapo kodi ya chumba na sebule haijatoka. Mungu akijalia miezi miwili ijayo naitwa baba kwa mara ya kwanza. Shida ilianza waifu alipoenda bebi shawa ya rafiki yake huko Tabata, karudi na listi ndefu kama ya harusi, kitanda cha mtoto, kigari cha kusukuma, mashine ya kukamulia maziwa, begi lenye mifuko kumi, nimepiga hesabu inafika milioni na laki 2. Nikisema hatuna ananuna, na sasa hivi sitaki kumkwaza kabisa maana alikuwa anasuka saluni akaacha wiki iliyopita, miguu imevimba hadi ndala haziingii na tangu juzi analalamika kichwa. Nisaidieni kipi cha lazima, kipi nipotezee. Matusi hapana.

mjukuu_wa_Tandika: Kigari Charambe? Utakisukumia wapi mkuu, mvua ikinyesha kwenu hata bajaji zinagoma kuingia 😂

Mama Watatu: Mdogo wangu nisikilize, mimi nimezaa watatu na hakuna aliyelala kwenye kitanda chake kabla ya mwaka. Nenda soko la mitumba Karume asubuhi mapema wanapofungua belo, vinguo vya kichanga unapata miatano mpaka buku, chukua vya pamba vya kufungua mbele, ukifika nyumbani fua kwa maji ya moto, anika juani, piga pasi. Usirundike vya saizi ndogo, mwezi mmoja tu havimwingii. Hela yako iweke kwenye kanga! Doti tatu mpya, halafu omba zile kuukuu za bibi yake zilizolainika, hizo ndo za kumfunikia na nyingine unachana unapata nepi. Pampasi ziwe za usiku na safari. Beseni lake peke yake, watu wasilioshee vyombo. Maziwa ya kopo yatoe kwenye bajeti, miezi 6 ya mwanzo ni ziwa la mama tu, hata maji hapewi. Na kitovu akija bibi na majivu yake au mavi ya ng'ombe mkatalie kwa adabu, kinaachwa kikavu.

mjukuu_wa_Tandika: Kumkatalia mama mkwe kwa adabu, hilo nalo liwekwe kwenye bajeti

Baba Nasra: Mama Watatu kamaliza upande wa mtoto, mimi naongezea wa kujifungua. Muulizeni nesi wa kliniki listi ya hapo atakapozalia, usinunue kwa kusikia. Mimi nilibweteka nikajua kila kitu kipo, saa nane usiku naambiwa kalete glavu na pamba, nikazunguka na boda kutafuta duka la dawa lililo wazi, nusura nilie. Makintoshi (lile shuka la plastiki la kuzalia), glavu, pamba, vibana kitovu, pedi, kanga safi, funga kwenye mfuko weka nyuma ya mlango. Na elfu 50 iwe kwenye simu isiguswe, ya usafiri. Ongea na bodaboda au wa bajaji wa mtaani kwako kuanzia sasa. Halafu kazini dai siku zako 3 za mzazi wa kiume, zipo kisheria na zinalipwa, wengi hatujui.

nesi_wa_zamu: Samahani jamani, habari za Karume ziwekeni pembeni kidogo. Mleta uzi, umesema miguu imevimba na kichwa kinauma. Miguu peke yake mimba kubwa inaleta, ila je, uso na mikono? Anaona maluweluwe? Maumivu chini ya chembe cha moyo? Presha walimpima lini?

Mleta uzi: Presha kliniki mwezi uliopita walisema iko sawa. Pete imegoma kutoka kidoleni tangu Jumapili, tukajua ni unene wa mimba. Nimemuuliza sasa hivi, anasema kuna muda anaona kama vimulimuli.

nesi_wa_zamu: Usisubiri asubuhi. Mpeleke hospitali sasa hivi na kadi yake, waambie maneno hayohayo uliyoandika hapa, wampime presha na mkojo. Kuanzia 140/90 si ya kuiacha ilale, kifafa cha mimba huanzia hapo. Panadol isikudanganye.

Mama Watatu: Nenda baba. Tukuombee.

mjukuu_wa_Tandika: Mkuu vipi huko? Siku ya pili hii

Mleta uzi: Nimerudi wakuu. Walikuta 160/110 na protini kwenye mkojo, wakamlaza palepale. Wamemchoma sindano, wanampima mara kwa mara, leo asubuhi imeshuka na mtoto mapigo yako vizuri. Daktari kasema huenda wakamzalisha kabla ya tarehe. Nesi sijui nikuite nani, shikamoo. Bajaji, dawa na chakula cha wodini vimekula laki na ushee, laki 2 na 65 ndo imebaki. Mama Watatu, Jumamosi naenda Karume na dada yangu. Waifu kasema mwenyewe kitanda tuache. Kigari hajakitaja, na mimi sikitaji.