Naomba ushauri kuhusu kusoma Kijapani: katakana zinanichanganya, na sijui kama nianze kanji

Ndugu wanachama, salaam. Ninajifunza mwenyewe kusoma na kuandika Kijapani, na naomba msaada wa waliokwisha kupita njia hii. Hiragana, yaani herufi za silabi za Kijapani, zenye herufi 46 za msingi, ninazisoma bila shida, isipokuwa さ na き hunitatiza katika kuandika, kwa kuwa kwenye maandishi mengi ya chapa mkunjo wa chini huungana na mstari wa juu, ilhali katika mwandiko wa mkono huachana.

Kikwazo kikubwa ni katakana, yaani seti ya pili ya herufi za silabi, itumikayo hasa kwa maneno ya kigeni. シ na ツ, vilevile ソ na ン, ninazitambua kwenye jedwali, lakini zikiwa ndani ya neno huzichanganya. Nimetumia kadi za kukariri, kisha nikazinakili kwenye daftari la hesabu kwa kufuata utaratibu wa mistari: mstari mrefu wa シ hupigwa kutoka chini kwenda juu, na ule wa ツ kutoka juu kwenda chini. Kuziandika sasa ninaweza; kuzisoma upesi ndiko kunakonishinda, na programu za simu, kwa maoni yangu, hupima kukariri zaidi kuliko kusoma.

Naomba kuuliza mawili. Ni zoezi gani la kusoma lililowasaidia kuzitofautisha herufi hizo? Na je, zile kanji (herufi zenye asili ya Kichina) 80 ambazo watoto wa Japani hufundishwa darasa la kwanza nizianze sasa, sambamba na katakana, au ningoje kwanza?

Natanguliza shukrani.