Mbona picha za dari ya Sistina hazilingani ukubwa?

Swali
Habari wakuu. Natazama picha za dari ya Kikanisa cha Sistina, Vatican. Kwenye Gharika watu wamebanana, wadogo mno. Ukija Kuumbwa kwa Adamu, yeye na Mungu wamejaa picha nzima. Mchoraji ni mmoja kweli?

Fundi wa Lipu
Ni yuleyule Michelangelo. Alianza 1508 upande wa mlango, kwenye habari za Nuhu, akasogea kuelekea altare. Yaani Mwanzo aliichora kinyumenyume. Mwaka 1511 nusu ya kwanza ilifunuliwa, na Kuumbwa kwa Adamu kukafuata. Ukisimama sakafuni, mita 20 chini, unaelewa mara moja kwa nini aliacha vijitu vidogo.

Mimi nachora ukutani, na kinachonisisimua zaidi ni lipu yenyewe. Unapiga chokaa mbichi kipande cha kukutosha siku hiyo tu, unapaka rangi kabla haijakauka. Ikishika, rangi imenaswa ndani, haifutiki. Ukikosea unabandua lipu yote, unaanza upya. Gharika ilikula karibu vipande 30 vya namna hiyo! Kule mwishoni, kwenye picha ya Mungu akitenga nuru na giza, Michelangelo alimmaliza Mungu kwa siku moja. Huo ndio mkono uliokomaa. Na mwanzoni Gharika iliota ukungu kwa sababu lipu ilikuwa na maji mengi, hadi msanifu majengo Giuliano da Sangallo akamwelekeza jinsi ya kuirekebisha.

Msomaji wa Historia
Jamani, na kuta nazo mzitazame. Wachoraji Botticelli, Perugino, Ghirlandaio na Rosselli walizianza 1481 kwa Papa Sixtus IV. Ile ya Petro kupokea funguo, na uwanja wake mpana wa mawe, ni ya Perugino. Picha zake nyingine zilikuwa ukuta wa altare, zikaondolewa kupisha Hukumu ya Mwisho ya Michelangelo. Inaniuma mpaka leo, hata kama kilichokuja ni kikubwa.

Muulizaji
Asanteni sana. Na ni kweli Michelangelo alichora dari amelala chali?

Fundi wa Lipu
Hapana, alisimama juu ya jukwaa, shingo ameikunja nyuma. Aliandika shairi la kulalamikia mateso hayo, na pembeni akajichora mwenyewe: mkono juu, brashi ikigusa dari. Mwenye kuchora dari yoyote anaijua shingo ile.