Kovu la moto limekunja kiwiko cha mtoto: Z-plasti au ngozi ya kupandikiza?

Tabibu_Monduli
Wakuu, habari za kazi. Nina mtoto wa kiume, miaka 9, kilo 24. Aliungua na uji akiwa na miaka 6, kidonda kikafungia nyumbani. Sasa kiwiko cha kulia kinakomea nyuzi 50 kabla ya kunyooka. Mbele ya kiwiko kuna ukamba wa kovu uliosimama kama uzi wa upinde, urefu sentimita 4, umeshalainika na hauwashi tena. Upande wa nje ngozi ni nzima. Upande wa ndani kuna kovu jembamba, lakini linafinyika. Daktari anayekuja kutufanyia upasuaji anapendekeza kukata na kupandikiza ngozi ya paja. Mimi naona Z-plasti (kuchanja kovu kwa umbo la Z na kubadilishana nafasi za pembetatu mbili za ngozi ili kovu lirefuke) inatosha. Ipi sahihi, na watu huharibu wapi?

Kisu_Moshi
Mkuu, jibu utalipata kwenye vidole vyako. Nyoosha mkono mpaka pale unapogoma, halafu finya ngozi kila upande wa ukamba. Ikiinuka pande zote mbili, una ngozi ya kuhamisha. Ikigoma kote, daktari wako yuko sahihi: kata mpaka mafuta mazima, pandikiza. Lakini kwa maelezo yako ngozi ya jirani ipo, na ngozi nyembamba ya paja husinyaa. Kuiweka kwenye mkunjo bila lazima ni kumwekea mtoto mkunyato mwingine (kovu kuvuta kiungo kikunjike) wa mwakani. Flapu, yaani kipande cha ngozi ya jirani kinachohamishwa kikiwa bado kimeshika mzizi wake, haisinyai hivyo, na hukua pamoja na mtoto.

Sasa hesabu. Pembe za Z za nyuzi 60 huongeza urefu kwa 75% kwenye karatasi. Nyuzi 45 kwa 50%. Nyuzi 30 kwa 25% tu. Kwenye kovu utapata pungufu ya hapo. Z moja ambayo mikono yake (mistari yake mitatu) ni ya sentimita 4 itakupa karibu sentimita 3 za urefu, lakini itazidai zote 3 kutoka kwenye upana, na upande wa ndani hauna akiba hiyo. Gawa ukamba: Z mbili za sentimita 2 zikifuatana. Urefu unaopata ni uleule, ila kila Z inavuta sentimita 1.5 tu kutoka pembeni.

Chora kabla ya kuchanja, ukamba ukiwa umevutwa. Ukichora umelegea, michoro itahama. Mstari wa kati uende juu ya mgongo wa ukamba. Mikono yote iwe na urefu sawa, pima kwa rula. Inua flapu pamoja na mafuta yake yote, hadi kwenye utando wa misuli. Kwa zile zenye kovu, ncha iwe butu kidogo badala ya kuchongoka, na mzizi wake usikatizwe na kovu la zamani.

Upande wa ndani wa kano ya bisepsi kuna ateri ya brakia na neva ya mediani. Mkunyato wa miaka 3 unaweza kuwa umezivuta juu, kwa hiyo hapo fungua kwa mkasi butu, polepole. Ukamba ukikatika sawasawa, flapu zinabadilishana nafasi zenyewe. Zikihitaji kulazimishwa, bado kuna uzi wa kovu chini, utafute ukate.

Shona ncha kwa mshono unaopita ndani ya ngozi ya ncha bila kutokeza juu, kwa uzi mwembamba wa nailoni (5-0). Ncha nyingi zinazokufa huuawa na mshono uliobana, flapu iliyokonda, au damu iliyojikusanya chini yake.

Mazoezi_Tiba_Arusha
Naongeza lililo upande wangu, maana kazi nzuri ya kisu hupotelea hapa. Mtoto asitoke chumba cha upasuaji bila plasta ya jasi upande wa nyuma, kutoka juu ya mkono hadi kiganjani, kiwiko kikiwa kimenyooka kadiri kilivyokubali bila nguvu. Nyuzi za mshono zikitoka siku ya 10 hadi 14, aanze mazoezi mchana na splinti (kishikizo kigumu cha kuuweka mkono umenyooka) usiku kwa miezi 6.

Plasta itapasuka mapema. Chukua bomba la PVC la inchi 3 au 4, lipasue katikati kwa urefu, lichovye kwenye maji ya moto mpaka lilainike, uliumbe juu ya mkono uliofungwa taulo nene. Kingo zikunjwe kwa nje, ndani weka sponji. Kila baada ya wiki 3 liangaliwe upya. Mpe mama tarehe za kurudi mkononi kabla hajapanda gari la Monduli.

Tabibu_Monduli
Nashukuru sana wakuu. Je, mkanda wa kubana damu utumike? Na tukifungua kiwiko kikabaki nyuzi 15?

Kisu_Moshi
Tumia, kwa muda usiozidi saa 1, lakini uuachie kabla ya kushona. Lazima uone flapu inarudisha wekundu na uzuie damu ukiwa unaona inakotoka. Kikibaki nyuzi 15, achia hapo. Ateri na neva nazo zimefupika; ukivuta kwa nguvu mapigo ya kifundo cha mkono yanapotea. Shika mapigo kila unaponyoosha, bonyeza kucha uone damu inarudi. Zilizobaki zitamalizwa na splinti.

Piga eksirei kabla. Kama kiwiko kinagota kwa ghafla, kigumu kama jiwe, huenda mfupa umeota kwenye kiungo, na hapo mpeleke hospitali ya rufaa ya KCMC, Moshi. Na kama kwenye kovu kuna kidonda kisichopona, chukua kinyama kipimwe saratani kwanza, hata kama ni mtoto.

Ncha ikija kuwa nyeusi milimita 3 au 4, usikimbilie kukata. Funga kwa gozi ya vaselini, splinti ibaki palepale. Hujitenga yenyewe, na chini yake hufunga.