Kidirisha kimoja, programu tatu: nitoe maktaba ya pamoja au niache?

FundiVitufe: Wakuu, naomba ushauri. Tuna programu huria tatu za picha, zote ndugu. Kidirisha cha kuchagua rangi kimenakiliwa kote. Nilirekebisha hitilafu kwenye moja, wiki mbili baadaye mtumiaji akairipoti ileile kwenye nyingine. Nataka vitufe, menyu na vidirisha vyote viwe maktaba moja, yaani msimbo wa pamoja ambao programu zote tatu zinautumia. Wenzangu wanasita, eti tutafungana miguu.

Chapakazi: Toa tu mkuu. GTK, maktaba ya vitufe na madirisha, ilianza hivyohivyo: waandishi wa GIMP, programu ya kuhariri picha, walichoshwa na Motif, maktaba ya vitufe ya wakati huo, wakajiundia vitufe vyao. GNOME, mazingira ya eneokazi ya Linux, ilipoanza 1997 ikavikuta tayari.

BibiKompaila: Malizia na hadithi basi! GTK 3 ilitoka 2011. GIMP, aliyeizaa GTK, alihamia huko kwa toleo la 3.0, Machi 2025, wakati GTK 4 ilikuwa na zaidi ya miaka minne. Mtoto alishamwacha mzazi mbali. Kwa hiyo wanaosita wana hoja.
Mimi ningetoa kidirisha cha rangi peke yake. Kimeshatumika mahali patatu, umbo lake linajulikana. Menyu kila programu ibaki na zake. Siku utakapoandika ndani ya maktaba "kama ni programu ya kukata picha, ficha hiki", ujue umeshapotea.

Mzizi: Naungana na Bibi. KDE, mradi mwingine wa eneokazi la Linux, walikuwa na kdelibs, furushi moja la maktaba. Ukitaka kitu kidogo unabeba lote. Mwaka 2014 wakaligawa kuwa maktaba zaidi ya 50, na za daraja la kwanza, yaani za msingi kabisa, hazitegemeani. Halafu, ukibadilisha kitu kitakachovunja programu za wengine, namba ya kwanza ya toleo ipande. Leseni zenu ni moja?

FundiVitufe: Mbili GPL (kinachotokana nayo kisambazwe kwa masharti yaleyale), moja MIT (inaruhusu karibu chochote).

Mzizi: Kidirisha kiliandikwa wapi kwanza?

FundiVitufe: Kwenye ya GPL... na kwenye ile ya MIT kipo tangu mwaka jana 🙈

Mzizi: Basi maktaba isubiri. Ile ya MIT ikisambazwa na kidirisha hicho ndani, yote inabanwa na masharti ya GPL. Waliokiandika ni wangapi?

FundiVitufe: Mimi na mwenzangu mmoja.

Mzizi: Una bahati. Mkubaliane kwa maandishi mkitoe kwa LGPL (GPL iliyolegezwa kwa ajili ya maktaba) au MIT, kabla mtu wa tatu hajachangia hata mstari mmoja.

FundiVitufe: Namwandikia sasa hivi.